Kabati Liliingia kwa Sikio

Mazungumzo na vijana waliomaliza kidato cha nne na wapagazi wa mlimani, Moshi

Ndugu mwenyekiti, wazazi mlioacha shughuli zenu za Jumamosi, walimu wenzangu, nanyi vijana mliojaa hadi mlangoni. Wakubwa, shikamooni. Wadogo, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuongeza maneno ya Kiingereza kwa masomo ya sauti, yaani masomo ya kusikiliza, yawe ya redio, ya simu au ya memori kadi. Kabla sijasema lolote tufanye kazi kidogo. Wekeni kalamu chini. Naona wengine mmeshafungua daftari. Yafungeni, wanangu, mtayafungua baadaye. Nataka masikio tu.

Ri-LAK-tent.

Semeni. Tena, na huko nyuma nisikie. Uzito uko katikati: ri-LAK-tent. Huyu ni mtu anayefanya jambo kwa shingo upande, mtu anayesita. Mtoto anatumwa dukani wakati wenzake wanacheza mpira, anakwenda lakini moyo haupo: huyo ni “reluctant”. Sasa mimi naanza, ninyi mnamalizia. Mtoto huyu hataki kwenda dukani, he is... Vizuri sana. Liacheni hapo hapo. Nitarudi kuliuliza, na sitawaambia lini.

Baba yangu aliishia darasa la nne. Alikuwa dereva wa lori, na jioni akiwa nyumbani alikaa chini ya mparachichi na redio yake. Betri zikiisha nguvu sisi watoto tulizianika juu ya bati mchana kutwa, na jioni zilikuwa zimepata uhai wa kutosha taarifa moja ya habari. Alikuwa akizungusha kile kitufe kwenye masafa mafupi, katikati ya mikwaruzo na miluzi, mpaka anaipata Sauti ya Amerika na kipindi chake cha Kiingereza cha polepole. Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari mwalimu, ndipo nilipojua kwamba upole ule ulipangwa. Kipindi kilianza Oktoba 1959 kwa ajili ya wasikilizaji ambao Kiingereza si lugha yao. Waandishi wake walijifunga kutumia maneno kama 1,500 tu, sentensi fupi, kila sentensi jambo moja, na msomaji alisoma kwa kasi ya theluthi mbili ya kawaida. Waingereza walikuwa wametangulia: BBC ilianza kufundisha Kiingereza kwa redio mwaka 1943, vita vikiwa bado vinapigwa.

Baba hakuyajua hayo. Alichojua ni kwamba yule msomaji hana haraka, na kwamba akimaliza sentensi kuna nafasi ndogo ya kurudia neno la mwisho. Alilirudia kwa sauti ya chini, mkono ukiwa kwenye spana au kwenye kikombe cha chai. “Election.” “Parliament.” “Drought.” Hakuweza kuandika hata moja kati ya hayo bila kukosea. Lakini siku moja gari la wageni wawili lilichemsha karibu na kwetu, wakamwonyesha baba ndoo tupu na kumwelekeza mtoni. Akawaeleza kwa Kiingereza kwamba mto umekauka, ni mwaka wa ukame, wasubiri atawaletea maji ya nyumbani. Alisema “drought”, na alilitamka sawasawa. Mwalimu wangu wa darasa la saba, mtu niliyempenda na kumheshimu, alikuwa akilitamka kama lilivyoandikwa, na ile gh yake yote.

Siku ile sikuelewa nilichokiona. Nimekielewa baada ya miaka ishirini na kitu ya kufundisha, na ndicho nilichokuja kuwaambia: neno la lugha ya watu huingia kwa sikio, likapitia mdomoni, ndipo likaandikwa. Ukiligeuza ukaanza na daftari, utakuwa na daftari lenye maneno mengi na mdomo wenye maneno machache.

Msidhani hili ni jambo geni kwetu. Tazameni Kiswahili chenyewe. Waingereza wanaandika “cupboard”. Laiti wazee wetu wangelichukua neno hilo kutoka kwenye karatasi, leo tungekuwa na kapiboadi. Lakini wao waliwasikia watu wakilisema, na anayelisema haitamki ile p, basi wakachukua walichosikia: kabati. Dereva aliona bango la “keep left” kwenye mzunguko wa barabara, akasikia wenzake wanavyoliita, na leo tuna kipilefti kimoja na vipilefti viwili, neno limevishwa kanzu ya ki- na vi- kana kwamba lilizaliwa Pangani. “Mudguard” ya baiskeli ikawa madigadi. Manowari ni “man-of-war”, maneno matatu ya mabaharia yaliyosikika kama moja. Watu waliotuletea maneno haya wengi wao hawakuwahi kukaa darasani, na yamedumu vizazi vyote hivi kwa sababu yaliingia kwa mlango wake.

Au chukueni mafunzo ambayo kila mmoja wetu humu ameyapitia. Mtoto wa madrasa anahifadhi sura kwa lugha asiyoiongea nyumbani: mwalimu anasoma, yeye anafuatisha, anasahihishwa, anarudia, kesho anasomeshwa ile ile ya jana kabla ya kupewa mpya. Mwalimu wa kwaya kanisani hawezi kuimba wimbo mara moja akaondoka. Anawapa sauti ya kwanza mstari mmoja, wanaushika, anaenda sauti ya pili, anarudi tena sauti ya kwanza. Krismasi ikifika watu wanaimba bila karatasi. Halafu mtu huyo huyo akitaka kujifunza Kiingereza ananunua kamusi na kuanza kuisoma kuanzia A.

Haya, mtu wa shingo upande ni nani? Asanteni. Na uzito unakaa wapi? Katikati.

Nieleze kwa nini jicho linatudanganya sisi kuliko linavyowadanganya wengine. Kiswahili ni lugha aminifu. Unachokiona ndicho unachokisema: a ni a siku zote, e ni e siku zote. Tuna irabu tano kwenye maandishi na tano mdomoni. Kiingereza cha Uingereza nacho kinaandikwa kwa herufi zile zile, lakini mdomoni kina sauti za irabu zipatazo 20. Kwa hiyo mtoto wetu anaposoma neno la Kiingereza kimya kimya, ndani ya kichwa chake analisoma kwa irabu zetu tano, na hapo neno linakuwa limeshazaliwa na ulemavu. Halikosewi siku ya kulisema. Limekosewa siku lilipoingia.

Kabla ya ualimu nilifanya kazi ya mapokezi hotelini. Mgeni mmoja mama mtu mzima aliniuliza swali fupi juu ya meneja wetu. Mimi nilisikia “leave”, anaondoka. Nikamjibu kwa heshima: ndiyo mama, kila siku saa kumi na moja jioni. Akanitazama, akauliza tena polepole, nami nikajibu tena vile vile. Kumbe aliuliza “live”, kama meneja anaishi pale pale hotelini, kwa sababu alikuwa na jambo la usiku. Maneno yote mawili nilikuwa nayo tangu darasa la tano, na maana zake, na sentensi za mfano kwa wino wa bluu. Sikuwahi kuyasikia yakiwekwa bega kwa bega. Kwangu zote zilikuwa “liv” moja. Mama yule hakupata msaada aliouhitaji usiku ule, na jambo hilo liliniuma.

Pili ni uzito wa neno. Sisi tunaweka uzito kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na hatuhangaiki. Tuna neno moja maarufu linalotukumbusha kwamba uzito unaweza kubeba maana: baraBAra ni njia ya magari, baRAbara ni sawasawa, na yote yanaandikwa namna moja. Kiingereza kimejaa mambo ya namna hiyo. PREzent ni zawadi, priZENT ni kutoa au kuwasilisha. FOtograf ni picha, halafu mpiga picha ni foTOgrafa, uzito umehama. Hakuna alama yoyote kwenye karatasi inayokuonyesha hilo. Kamusi nzuri ina alama zake, lakini ni wangapi tumefundishwa kuzisoma? Somo la sauti linakupa uzito bila kukudai chochote.

Sasa nije kwenye kusahau, maana najua ndipo malalamiko yalipo. “Mwalimu, nasikiliza lakini hayakai.” Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alijipima mwenyewe kwa miaka, akikariri silabi zisizo na maana na kuangalia zinapotea kwa kasi gani. Alichapisha matokeo mwaka 1885. Baada ya saa moja tu zaidi ya nusu ya jasho lake la kukariri ilikuwa imepotea, na baada ya siku moja karibu theluthi mbili. Tena huyo ni msomi mwenye nidhamu ya ajabu. Basi wewe ukisahau maneno saba kati ya kumi ya jana, huna kichwa kibovu. Una kichwa cha binadamu.

Jambo la kufurahisha ni kwamba ukilikumbuka neno wakati linaelekea kupotea, safari inayofuata linachelewa zaidi kupotea. Mmarekani Paul Pimsleur, mwalimu wa lugha, alilipangia jambo hili ratiba mwaka 1967. Neno jipya liulizwe baada ya sekunde 5, kisha sekunde 25, kisha dakika 2, dakika 10, saa 1, saa 5, siku 1, siku 5, siku 25, miezi 4, miaka 2. Kila hatua ni kama mara tano ya iliyotangulia. Masomo yake ya sauti, ya karibu nusu saa kila moja, yalijengwa juu ya wazo hilo: sauti inakuuliza, inanyamaza, unajibu, inakupa jibu, halafu neno linajitokeza tena ukiwa umeanza kulisahau. Sidai kwamba namba zenyewe ni takatifu, na si lazima ushike saa mkononi. Lakini mwendo wake ni wa kweli, na wale waliohifadhi sura au nyimbo wanautambua: karibu karibu mwanzoni, mbali mbali baadaye.

Ndiyo maana nasema, na kwa hili nitagombana na yeyote: somo moja mara kumi lina faida kuliko masomo kumi mara moja. Vijana mnapakua. Nimeona simu zenye masomo mia mbili, mia tatu, yamejaa mpaka picha za familia hazina pa kukaa. Mtu anasikiliza la kwanza leo, la pili kesho, la tatu keshokutwa, kama anayehesabu vituo vya basi. Mwisho wa mwezi amesikiliza masomo thelathini, na ukimuuliza maneno anayo manne.

Niwape mfano wa mtu mmoja, yuko humu humu ndani na ameniruhusu. Ni mpagazi. Alinijia wakati wa masika, msimu ambao wageni ni wachache mlimani, na simu yenye kioo kilichopasuka. Akasema anataka kuwa mwongozaji lakini Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu. Tukachagua somo moja la dakika sita, mazungumzo kati ya daktari na mtu aliyejisikia vibaya akiwa sehemu ya juu. Moja tu. Nikamwambia alisikilize kwanza mara tatu bila kuandika, halafu afanye imla: asikilize kipande, asimamishe, aandike anachosikia, hata kama hajui maana.

Siku ya tatu aliniletea daftari. Nilikaa nalo muda mrefu. Mstari wa nne alikuwa ameandika neno moja refu: autavbreth. Alikuwa amelitafuta kwenye kamusi ya shule, chini ya A, halafu chini ya O, hakuliona. Lilikuwa maneno matatu, “out of breath”, kuishiwa pumzi. Yote matatu alikuwa anayajua! Ukimwandikia ubaoni angekusomea moja moja bila shida. Lakini watu wenye lugha yao hawayasemi moja moja. Wanayashona, na sikio lisilozoea linasikia kitambaa kizima bila kuona mshono. Hapo ndipo thamani ya imla ilipo: inakuonyesha mahali hasa ambapo sikio lako linapoteza njia. Makosa yale yalikuwa mali. Tukayapitia moja baada ya moja. “Dizzy”, kizunguzungu, aliandika disi. “Sip”, kunywa kidogo kidogo, aliandika sipu na kufikiri ni supu.

Baada ya hapo kazi ikawa ya mdomo. Nilimfundisha kufuatisha, yaani kusema pamoja na sauti ya kwenye somo, ukiwa nyuma yake kwa nusu pumzi, kama unavyomfuata mtu anayeongoza wimbo. Unaiga kasi, unaiga mapumziko, unaiga hata mahali anapopandisha sauti. Safari ilipopatikana alipanda kwa njia ya Machame na kilo 20 kichwani, hedifoni sikio moja, sikio jingine likiwa njiani kwa usalama. Machame, Shira, Barranco, Barafu, kila kambi somo lile lile la dakika sita. Wenzake walichoka kumsikia. Kambi ya Barafu, jioni kabla ya kupanda kileleni, mgeni mmoja alikaa juu ya jiwe akasema kitu kwa sauti ndogo. Kijana wetu akasikia “dizzy”, na akasikia “out of breath” ikiwa imeshonwa vile vile kama kwenye simu yake. Akamwita mwongozaji papo hapo. Akamwambia mgeni: “Sip some water. Slowly.” Mgeni yule alishushwa salama. Leo kijana huyu yuko kwenye mafunzo ya uongozaji, na somo la dakika sita bado lipo kwenye simu, ingawa sasa ana mengine kumi na moja. Kumi na moja tu, na yote ni yake.

Mpigieni makofi, anastahili.

Na hapo mlimani, mgeni anayekataa kurudi chini ingawa anaumwa, anakubali kwa shingo upande, tunamwitaje? Naam. Dakika zimepita nyingi na bado mnalo, na hakuna aliyeliandika.

Mtaniuliza somo zuri la sauti utalijuaje. Mimi nalipima kwa ukimya wake. Sauti inayoongea nusu saa bila kukupa nafasi ya kujibu inakufanya mtazamaji wa mpira wa watu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wenzetu wa Kenya walifanya jambo kubwa kwenye shule za vijijini: watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu walifundishwa Kiingereza kwa redio, nusu saa kila siku ya shule. Redio ilikuwa inauliza na kunyamaza, watoto darasa zima wanajibu kwa sauti, wanasimama, wanagusa meza, wanaonyesha dirisha, redio inaendelea. Watoto wale waliwapita wenzao kwenye kusikia na kusoma. Zanzibar nako, katika miaka ya 2000, watoto wadogo walijifunza namna hiyo kwa vipindi vya Tucheze Tujifunze. Redio ile haikuwa na akili yoyote ndani yake, haikuwasikia watoto. Iliwapa nafasi tu. Kama somo lako halina nafasi, iweke mwenyewe kwa kidole: simamisha, jibu, endelea.

Na msiwe mnaliacha somo linasema peke yake mnapolala mkitarajia kuamka na maneno. Nimejaribu, wanafunzi wangu wamejaribu. Kinachopatikana ni betri kuisha. Sikio bila nia ni tundu tu.

Maneno yapi sasa? Kiingereza kina maneno mengi kupita uwezo wa mtu yeyote, lakini hayana uzito sawa. Mwaka 1953 Michael West, Mwingereza aliyefundisha miaka mingi Bengal, alichapisha orodha ya maneno kama 2,000 yanayotumika zaidi. Ukiwa nayo hayo, unakuwa na takriban maneno 8 kati ya kila 10 kwenye kitabu cha kiada. Mwaka 2000 Averil Coxhead wa New Zealand akaongeza orodha ya jamii za maneno 570 za vitabu vya masomo, maneno kama “analyse”, “evidence”, “factor”, “evaluate”. Hizo zinabeba karibu neno 1 jingine kati ya kila 10 kwenye vitabu hivyo. Nyinyi mnaorudia mitihani, nisikilizeni: nimesahihisha karatasi za watoto wanaojua jiografia vizuri kabisa, wameangushwa na neno la kwanza la swali. Mtoto anajua mto unavyomomonyoa kingo, ila hajui “evaluate” inamtaka afanye nini. Tafuteni masomo yanayotumia maneno haya ndani ya mazungumzo, mara nyingi, na muanze na yale 2,000 kabla ya kukimbilia maneno makubwa ya kupendeza.

Tena lichukueni neno pamoja na jamaa zake. Fikirieni mgeni anayejifunza Kiswahili, akaandika kwenye daftari: piga, maana yake ni kumchapa mtu. Siku ya pili anasikia piga simu, piga pasi, piga picha, piga mswaki, piga hodi, piga magoti. Atafikiri nyumba ile ina ugomvi mkubwa! Neno lake ni sahihi, lakini liko peke yake kama yatima. Ndivyo tunavyowafanya “take” na “make”. “Take a seat”, “take your medicine”, “make a mistake”, “make the bed”. Ukijifunza kwa kusikia, neno halikujii peke yake, linakuja na jamaa zake wote mlangoni. Lipokeeni hivyo. Hapa hapa ndipo wengi wetu tunaposema “borrow me your pen”, kwa sababu kwetu kuazima ni kwa anayetoa na kwa anayepokea. Sheria ya kitabu nimeifundisha mwaka hadi mwaka bila mafanikio makubwa. Lakini mtu akisikia mara ishirini “Can you lend me...” na kuisema mara ishirini, ile nyingine inaanza kumkera sikioni yenyewe.

Ninalo jambo moja la mwisho, na ni zito kwangu.

Nilikosoma sekondari, aliyekamatwa akisema Kiswahili alivalishwa kibao shingoni. Alizunguka nacho mpaka amsikie mwingine, amvalishe. Wakubwa mliomo humu mnakijua. Nilikivaa mara nyingi, nikiwa mtoto wa miaka kumi na minne kutoka nyumba yenye maneno mazuri ya Kiswahili na Kichaga. Lengo lilikuwa tuongee Kiingereza. Tulichojifunza ni kunyamaza. Kidato cha kwanza kizima kuna wasichana sikuwahi kusikia sauti zao. Na mpaka leo naliona kwa watu wazima wenye vyeti: anaulizwa swali kwa Kiingereza na mabega yanapanda, anatafuta kibao shingoni. Sikubaliani na wanaosema ili Kiingereza kiingie ni lazima Kiswahili kitoke. Mimi nimewaeleza neno la leo kwa shingo upande, na nina hakika limekaa kwa sababu shingo upande mlikuwa nayo tayari.

Somo la sauti, wanangu, halina kibao. Ukikosea halicheki. Ukirudia mara ya kumi na tano halipumui kwa hasira. Unaweza kuwa nalo shambani kwenye migomba, jikoni ukichambua maharage, kwenye daladala ukisogeza midomo tu. Unakosea peke yako mpaka makosa yanaisha nguvu, kisha unajirekodi kwa simu hiyo hiyo, unajisikiliza, unajilinganisha na yule wa kwenye somo. Mara ya kwanza sauti yako itakushangaza. Endelea. Hutakiwi kuwa Mwingereza. Lafudhi ya Kilimanjaro iacheni ikae, mradi “live” na “leave” zitofautiane. Halafu mtafute mtu, mmoja anatosha, useme naye, maana somo haliwezi kukuuliza usilolitegemea.

Wengine nawaona hapo nyuma mmekuwa kimya tangu tuanze. Mdomo unafunguka kidogo, unafungwa. Ninyi ndio hasa niliowajia. Mtu anayesita kusema, kwa Kiingereza tunamwitaje? Sikusikia. Wa nyuma tu, wa mbele nyamazeni. ...Mmesikia wenyewe? Tena wote mmeweka uzito pale pale katikati.

Sasa toeni simu. Nina somo moja la dakika sita, halina gharama ya bando, nitalirusha kwa Bluetooth hapa mezani, na asiye na simu kubwa alete memori kadi kwa kijana wetu wa Barafu. Ni moja tu, msiniombe la pili. Lisikilizeni leo kabla ya kulala na kesho asubuhi. Siku ya tano itakuwa Alhamisi, na Alhamisi mimi huwa sokoni Mbuyuni kuanzia saa tatu. Ukinikuta nisalimie kwanza kama ulivyolelewa, kisha uniambie lile neno.